Ultrasaundi haikuona jiwe, eksirei haikuona jiwe, CT imeliona. Nani alitudanganya?

#1 Kijana_wa_Malaba
Wadau habari za jioni. Nina swali, na nina hasira kidogo, mnivumilie.

Mzee wangu ni dereva wa trela, Mombasa hadi Kampala, miaka mingi. Jumapili usiku alishikwa na maumivu ubavu wa kushoto, yanashuka mpaka kinenani. Mtu mzima anajiviringisha sakafuni kama mtoto. Tukamkimbiza kliniki moja hapa mjini, daktari akaandika "skani ya tumbo". Tukapiga ultrasaundi: hakuna jiwe. Asubuhi wakasema eksirei ya tumbo: hakuna jiwe. Wakampa dawa za vidonda vya tumbo tukarudi nyumbani. Jumatano maumivu yakaamka tena, nikampakia kwenye taksi hadi Mbale. Huko daktari kijana hata maneno mengi hakuwa nayo, akasema CT. Jibu: jiwe la milimita 6 kwenye mrija wa mkojo wa kushoto, ule unaoshuka toka figo hadi kibofu, katikati ya njia.

Sasa nielezeni. Tumbo ni moja, mashine tatu, mbili vipofu na moja ina macho. Zote tatu nimelipa. Kama CT ndiyo inayoona, kwa nini hawakuanza nayo? Na kama MRI ndiyo mkubwa wao wote, kwa nini hawakutupeleka huko moja kwa moja?

#2 Boda_Msomi
Pole kwa mzee. Jibu ni fupi: biashara. Ultrasaundi ni kuku, CT ni mbuzi, MRI ni ng'ombe. Wakuuzie ng'ombe siku ya kwanza, kuku watamuuzia nani?

#3 Mama_Zuhura_Bombo
Poleni sana mwanangu. Mimi naona kosa liko kwenye hilo neno "skani". Hapa kwetu ukisema skani kila mtu anaelewa ultrasaundi, ile ya wajawazito. Shemeji yangu aliandikiwa skani ya kichwa. Akaenda kliniki ya jirani, akalipa, akalala kitandani akisubiri kupakwa jeli kwenye kipara. Binti wa kliniki alicheka mpaka akakaa chini.

#4 Katwe_Welda
Kipara tayari kinateleza, jeli ya nini tena.

#5 Picha_Mbale
Ninafanya kazi chumba cha picha, hospitali siitaji. Kijana, pole, lakini sioni aliyekudanganya.

Eksirei ni mionzi inayopita mwilini na kuacha kivuli upande wa pili. Mfupa una kalsiamu, unaizuia, unatoka mweupe. Hewa haizuii kitu, ndiyo maana mapafu hutoka meusi. Nyama na maji ni kijivu juu ya kijivu. Mawe mengi ya figo yana kalsiamu, kwa hiyo yanaonekana. Lakini lipo jiwe la asidi ya yuriki: eksirei inalipita karibu sawa na inavyopita nyama. Liko pale na hulioni hata ukodoe macho.

Ultrasaundi haina mionzi kabisa. Kile kifaa tunachopitisha tumboni kina kristali inayotetemeka mara milioni kadhaa kwa sekunde. Inatuma sauti ambayo sikio halisikii, inanyamaza, inasikiliza mwangwi. Jiwe hurudisha mwangwi mkali na nyuma yake panabaki kivuli cheusi. Adui yake ni hewa. Sauti ikigonga hewa inarudi karibu yote, haipiti. Jeli tunayopaka ni ya kuondoa hewa kati ya kifaa na ngozi, basi. Jeli ya kupaka katikati ya matumbo hatuna. Figo tunaliona, kibofu kikijaa tunakiona, ila sehemu ya kati ya mrija imejificha nyuma ya utumbo. Na kama mzee alikula maharage usiku huo, ndiyo kabisa.

CT ni eksirei ileile, ila bomba lake linakuzunguka, linakupiga kutoka pembe mamia, kisha kompyuta inakokotoa na kukupa tumbo kipande kwa kipande kama mkate uliokatwa. Filamu ya kawaida inarundika jiwe, kinyesi na mfupa wa nyonga kwenye kivuli kimoja. CT inavitenganisha, tena inaona tofauti ndogo ambazo filamu inazimeza. Hata lile la yuriki linang'aa.

#6 Boda_Msomi
Kumbe ultrasaundi ni popo! Kama wale wa Bat Valley pale Kampala, wanaruka usiku kwa mwangwi.

#7 Mwalimu_Tororo
Boda, rekebisho dogo. Wale wa Bat Valley ni popo wala matunda, wanatumia macho na pua zao. Wanaotumia mwangwi ni wale wadogo wala wadudu, wanaolala kwenye dari za makanisa. Mfano wako mzuri, popo wako siye.

#8 Boda_Msomi
Mwalimu hata popo unawapa alama nyekundu.

#9 Katwe_Welda
Picha_Mbale asante kwa somo, ila umewatetea wenzako mno. Umesahau mashine chakavu. Kuna kliniki zina ultrasaundi iliyochoka, skrini kama televisheni inayotafuta chaneli. Na umesahau mtu. Ultrasaundi ni mkono wa anayeishika. Mimi nikikupa mashine yangu ya kuchomelea, ni ileile ninayotumia, lakini geti lako litakuwa na mashimo.

#10 Nesi_Arua
Katwe ana hoja, ila mimi nina maelezo mengine. Mawe hutembea. Jumapili lilikuwa sehemu moja, Jumatano sehemu nyingine. Halafu saa za mwanzo za kuziba, figo linaweza kuwa bado halijavimba, kwa hiyo mpimaji hana hata dalili ya kumshtua.

Kijana, hiyo karatasi ya ultrasaundi bado unayo? Isome yote. Watu husoma mstari wa mwisho tu.

#11 Kijana_wa_Malaba
Ninayo, imekunjwa mara nne na ina doa la chai. Natafsiri: "Figo la kulia liko sawa. Figo la kushoto, njia za kukusanyia mkojo zimepanuka kidogo. Hakuna jiwe lililoonekana. Gesi nyingi tumboni, mrija haukuonekana wote." Mwisho, kwa wino: "Hakuna jiwe".

Kusema kweli nilisoma hiyo ya wino tu.

#12 Picha_Mbale
Basi ultrasaundi iliona! Jiwe haikuliona, ila iliona mafuriko nyuma ya bwawa. Figo la upande unaouma limepanuka, maana yake huko chini kuna kilichoziba. Na aliyepima aliandika wazi kwamba mrija hakuuona wote.

#13 Mwalimu_Tororo
"Hakuna jiwe lililoonekana" na "hakuna jiwe" ni sentensi mbili tofauti. Ningekuwa nasahihisha ningekata alama kwa aliyetumia wino.

#14 Nesi_Arua
Mwalimu, njoo zamu ya usiku Jumapili, daktari mmoja na foleni mpaka getini, halafu utuambie habari za sentensi.

#15 Boda_Msomi
Mnaona? Kutoka biashara tumefika kwenye wino. Bado nasimamia biashara. Mtu mwenye figo lililopanuka anapewaje dawa za vidonda vya tumbo?

#16 Kijana_wa_Malaba
Asanteni. MRI hamjanijibu. Kwa nini wasimpige mkubwa wao?

#17 Mzee_Kisenyi
MRI hapana mwanangu. Ile ina mionzi mikali kushinda CT. Hata hiyo CT, mzee anywe maziwa wiki nzima, isafishe mionzi iliyobaki mwilini.

#18 Picha_Mbale
Mzee shikamoo. MRI haina mionzi ya aina hiyo hata chembe. Ni sumaku na mawimbi ya redio. Mwili umejaa maji, na kwenye maji kuna hidrojeni. Kiini cha kila hidrojeni ni kama kisumaku kidogo sana. Ukilala ndani ya sumaku kubwa, visumaku hivyo vinajipanga. Mashine inavisukuma kwa mawimbi ya redio, inaacha, navyo vikirudi mahali pake vinatoa mlio wa redio. Mlio huo ndio picha. Mafuta yanarudi kwa mwendo wake, maji kwa mwendo wake, uvimbe kwa wake. Kwa ubongo, uti wa mgongo na goti hakuna wa kuigusa.

Sasa Kijana, jiwe la figo lina maji gani? Ni kavu. Kwenye MRI linatoka kama tundu jeusi, na jiwe dogo unaweza kulipita bila kujua. Ungeuza ng'ombe wa Boda upate shimo jeusi. Hakuna mkubwa wala mdogo hapa, inategemea unatafuta nini.

Na maziwa: mionzi ya eksirei na CT ni kama mwanga. Ukizima taa, chumbani hubaki mwanga wa kuchota kwa kikombe?

#19 Mzee_Kisenyi
Marahaba. Lakini maziwa hayajawahi kumdhuru mtu.

#20 Nesi_Arua
Naomba nimtetee Mzee nusu. Kipo kipimo ambacho mionzi hubaki mwilini kwa muda: kile cha kuchomwa sindano yenye dawa ya mionzi, kama tekineti, halafu kamera inapokea mionzi inayotoka kwa mgonjwa mwenyewe. Hiyo hutumika kwa mifupa, tezi, figo na kadhalika. Tekineti hupungua nusu kila saa 6, na huyo mgonjwa ndiye huambiwa anywe maji mengi, akojoe, na asikumbatie watoto siku hiyo. Watu wamechukua masharti hayo wakambandika hata mtu wa eksirei ya kidole.

#21 Afande_Mstaafu
Mimi MRI walinikataa. Nina vipande vya bomu kwenye paja la kulia, ukumbusho wa kazi. Nilikuwa nimeshavua viatu, nimevaa lile gauni lisilo na mgongo, binti akaniuliza: "Afande, una chuma mwilini?" Nikasema kidogo. Akatoka mbio kama amesikia mlipuko mwenyewe.

#22 Katwe_Welda
Wewe una bahati uliulizwa. Sisi wachomeleaji wanatuuliza macho. Nilitakiwa kupiga MRI ya mgongo, wakanirudisha kwanza nipige eksirei ya macho. Vumbi la chuma la gurudumu la kusagia linaweza kukaa ndani ya jicho miaka bila wewe kujua, na ile sumaku ikilivuta, jicho kwisha. Walikuta safi. Halafu ndani sasa! Unalala kwenye bomba, pua inakaribia dari, na kelele ni mashine ya kusaga posho pamoja na mtu anayegonga mabati. Nusu saa nzima. Nilihesabu kondoo mpaka wakaisha.

#23 Mwalimu_Tororo
Zile kelele ni koili zinazopitishiwa umeme na kukatwa haraka haraka ndani ya sumaku, zinatikisika kama spika. Sumaku yenyewe iko kimya. Nyingi za hospitali ni Tesla 1.5 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), makumi ya maelfu ya mara kuliko ile ya dunia inayogeuza sindano ya dira.

#24 Boda_Msomi
Na umeme ukikatika, inaachia?

#25 Picha_Mbale
Haiachii, na hapo ndipo wengi hukosea. Waya wake umezamishwa kwenye heliamu ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Kwenye baridi hiyo umeme unazunguka bila kupungua. Sumaku inavuta usiku na mchana, iwe kuna umeme au hakuna, hata kama hakuna mgonjwa. Umeme ukikosekana muda mrefu ndipo heliamu inaanza kupotea, na kuijaza tena si bei ya mtu mdogo.

#26 Nesi_Arua
Ndiyo maana ile ya Mbarara ilinifurahisha. Wenzetu wa chuo kikuu cha sayansi pale Mbarara, pamoja na Waholanzi na Wamarekani, waliunda MRI ndogo kwa mikono yao. Haina heliamu. Ni sumaku za kawaida nyingi zilizopangwa kwenye pete 23, nguvu yake Tesla 0.05 tu. Vifaa vilikuja kwa ndege kutoka Uholanzi, na tangu kufunguliwa kwa maboksi hadi picha ya kwanza ilikuwa kama siku 11.

#27 Katwe_Welda
Siku 11! Wangekuja Katwe tungewamalizia kwa tisa.

#28 Boda_Msomi
Na geti lingekuwa na mashimo.

#29 Mwalimu_Tororo
Tesla 0.05 ni thelathini mara chini ya zile kubwa, Nesi. Picha yake si itakuwa ukungu?

#30 Nesi_Arua
Ni ukungu kiasi, ndiyo. Lakini shabaha ni watoto wa vichwa maji, na hapo swali la daktari ni maji yako wapi na yamejaa kiasi gani. Huhitaji kuhesabu unywele. Watoto hao leo wengi hupigwa CT, na mionzi kwa kichwa cha mtoto mchanga si jambo la kurudia rudia.

#31 Kijana_wa_Malaba
Hapo kwenye mionzi mmenitisha. Mzee amekula kiasi gani?

#32 Picha_Mbale
CT ya tumbo ya kawaida ni kama milisiverti (kipimo cha mionzi) 8 hadi 10. Eksirei ya kifua ni kama 0.1. Kwa hiyo ni kama eksirei mia za kifua. Usishtuke bado: ardhi, anga na chakula hukupa wastani wa 2.4 kwa mwaka hata usipokanyaga hospitali. CT ya kutafuta mawe hupigwa kwa kipimo cha chini zaidi ya hapo. Kwa mtu wa umri wake mwenye maumivu vile, mimi ningempiga bila kupepesa. Kwa binti wa miaka 20 ningeanza na ultrasaundi, na kwa mjamzito ndiyo kabisa. Hilo ndilo jibu langu la "kwa nini hawakuanza na CT".

#33 Boda_Msomi
Mimi jibu langu ni kwamba ile kliniki haina CT. Mtu hawezi kukuandikia mashine ambayo hana.

#34 Picha_Mbale
Hilo nalo siwezi kulikataa.

#35 Mama_Zuhura_Bombo
Mimi nauliza tu, hizi mashine zilianza lini? Bibi yangu alisema eksirei ililetwa na Amin.

#36 Mwalimu_Tororo
Mama, Amin alileta mengi lakini si hilo. Röntgen aliigundua Ujerumani Novemba 1895, akampiga mkewe picha ya mkono, pete ikaonekana imening'inia kwenye mfupa. Akaiita X kwa sababu hakujua ni nini, kama vile X ya hesabu. Hapa kwetu ilifika hospitali ya Mengo mwaka 1907, enzi za akina Cook, madaktari wamisionari walioianzisha. Amin alikuwa hajazaliwa. CT ya kwanza ya mgonjwa ilipigwa London, Oktoba 1971, mashine ya injinia Hounsfield wa kampuni ya EMI. Tuzo ya Nobel ya 1979 aligawana na Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kufikiria hesabu zake akiwa Cape Town.

#37 Mama_Zuhura_Bombo
Asante Mwalimu. Basi Amin aliletewa.

#38 Nesi_Arua
Kijana, kwenye ripoti ya CT wameandika namba yoyote yenye HU?

#39 Kijana_wa_Malaba
Ipo. "380 HU". Nilidhani ni namba ya mashine.

#40 Nesi_Arua
Ni ya jiwe. Hizo ni uniti za huyohuyo Hounsfield wa Mwalimu. Maji ni sifuri, hewa ni 1000 chini ya sifuri, mfupa mgumu unafika mamia mengi hadi elfu na zaidi. Mawe ya kalsiamu huwa juu sana. 380 inaelekea yuriki. Niambie, mzee ana jongo, ule ugonjwa wa yuriki hiyohiyo kwenye viungo? Kidole gumba cha mguu kuvimba usiku?

#41 Kijana_wa_Malaba
Banange. Kila akila nyama choma ya Mai Mahiu anachechemea siku mbili. Na maji hanywi njiani, anasema kusimamisha trela kila saa kwa ajili ya kukojoa ni hasara.

#42 Nesi_Arua
Basi kesi imefungwa. Yuriki. Ndiyo maana eksirei haikuliona.

#43 Picha_Mbale
Usiifunge. Jiwe la milimita 6 ni dogo, kipimo cha HU kinachanganyika na mkojo unaolizunguka, namba inashuka. Linaweza kuwa la kalsiamu lililosomeka chini. Na eksirei ya tumbo lililojaa gesi na kinyesi, jiwe dogo lililokaa mbele ya mfupa wa nyonga, hata la kalsiamu hupotea.

#44 Katwe_Welda
Au filamu ilikuwa mbovu.

#45 Boda_Msomi
Au hakuna aliyeiangalia. Lakini kumbe CT inaona yote.

#46 Picha_Mbale
Karibu yote. Kuna dawa moja ya zamani ya VVU, indinaviri, mawe yake hata CT huyapita. Ya mzee njia ya uhakika ni moja: likitoka, lipelekwe maabara lipimwe limeundwa na nini. Akojoe kwenye chujio.

#47 Afande_Mstaafu
Kwenye chujio la chai?

#48 Mama_Zuhura_Bombo
Lisirudi jikoni tu.

#49 Kijana_wa_Malaba
Wadau, narudi baada ya siku tano. Mzee amepona. Mbale walimpa dawa ya maumivu na ya kulegeza mrija, wakasema anywe maji, kama halitoki arudi. Nikamnunulia chujio jipya kabisa. Ijumaa alfajiri akaenda chooni bila chujio, kwa sababu "nilikuwa na haraka". Anasema alisikia kitu kimechoma kama sindano, halafu kikagonga, ti! Na choo chetu ni cha shimo.

#50 Nesi_Arua
Alhamdulillahi kwa mzee. Lakini yuriki.

#51 Picha_Mbale
Hatujui.

#52 Katwe_Welda
Shimo lina futi ngapi? Nina sumaku hapa.

#53 Mwalimu_Tororo
Welda, jiwe halivutwi na sumaku.

#54 Dereva_Lira
Nimesoma uzi wote. Mimi nina maumivu ubavu wa kulia tangu jana na kwenye karatasi yangu wameandika "skani". Nikiuliza dirishani, nisemeje?